Kona Tatu za Mama Faida

Harufu ndiyo iliyonifikia kwanza. Faida alikuwa bado mlangoni, hajavua hata viatu, na mimi tayari nilijua kwamba kile alichokibana kwapani, kimefungwa ndani ya kitenge kuukuu, kilitoka kwa mama yake. Ndakala, dagaa wetu, waliokaushwa kwa jua la ziwani wana harufu yao, na ikishaingia ndani ya kitu haitoki tena, ufue, uanike, upige sabuni. Tulikuwa tumemzika Mama Faida juma lililotangulia. Binti yake alikuwa akigawa vitu vya marehemu, na hicho hakujua ampe nani mwingine.

"Tulikuta hii chini ya godoro yake," alisema. "Iko na jina yako nyuma. Sisi hatujui njo nini."

Ilikuwa katoni ya sabuni, imepasuliwa na kulazwa, imejaa michoro ya makala, ule mkaa wa jikoni. Miraba, minne kwa upana, mitano kwenda juu, na kwenye kona namba. Nilimwomba Faida aketi, nikaenda jikoni kama mtu anayetengeneza chai, nikasimama huko muda mrefu bila kuwasha moto.

Mimi nafundisha enformatiki hapa Kalemie. Kila mwaka huchora ubaoni miraba ya namna hiyo na kuwauliza wanafunzi: ukianza kona ya chini kushoto, na huruhusiwi kwenda ila juu au kulia, kuna njia ngapi za kufika kona ya juu kulia? Wanaandika mistari kumi ya programu, mashine inajibu kabla hawajainua kidole. Na kila mwaka hakosi mmoja wa kuuliza hesabu hiyo inasaidia nini. Huwa namjibu maneno ya kitabuni, anaandika, tunaendelea. Sijawahi kuwaambia kwamba mimi niliifanya kwa makala juu ya mawe, nikiwa na miaka tisa, kwa sababu nilitaka kujua mama yangu atarudi lini.

Uwanja wenyewe wa kuanikia ndakala haupo tena. Ziwa lilipopanda miaka hii ya karibuni liliumeza wote, na pale tulipokuwa tukianika sasa watoto wanaogelea. Lakini ninyi mliokulia upande ule pamoja nami mnaukumbuka: kati ya mdomo wa mto na reli, mahali ambapo mitumbwi ya taa ilitua alfajiri. Akina mama walikuwa wameugawa kwa mistari ya mawe. Kila mraba tuliuita chumba, kila chumba kilikuwa na mwenyewe, na kati ya chumba na chumba palikuwa na kijia cha kupita mtu mmoja mwenye beseni kichwani. Vijia vilipokutana, pale palikuwa kona, na kwenye kila kona jiwe kubwa.

Sheria zilikuwa mbili. Ya kwanza, chumba cha mtu hakikanyagwi. Ya pili, aliyebeba samaki mbichi harudi nyuma. Unaweza kupanda, unaweza kukata kuelekea reli, lakini kurudi upande wa maji au upande wa mto na samaki wangali wanadondosha maji, hapana. Ilisemekana ukifanya hivyo ziwa linadhani umelirudishia chake, na kesho yake mitumbwi inakuja mitupu. Niliamini kabisa. Kusema kweli, hata leo nikitoka sokoni na samaki mbichi mfukoni, nikakumbuka nimesahau limau, sigeuki. Nakula bila limau, na nina shahada mbili.

Kazi yangu kabla ya kwenda masomo ilikuwa beseni dogo. Mitumbwi ilitua kona ya chini, upande wa mto. Kona ya juu kabisa, upande wa reli, kulikuwa na kibanda ambapo wavuvi walipikiwa. Nilichukua ndakala wa kwanza kutoka mtumbwini nikawapeleka kibandani, nikipita vijiani, juu na kuelekea reli, juu na kuelekea reli. Mama yangu alikuwa na chumba cha katikati, na nilipompita alikuwa akinirushia neno la utani ili nicheke na beseni litikisike.

Kisha tumbo lake likaanza kuvimba. Nilidhani ni mtoto. Nilikuwa nimeshampa jina mtoto huyo, na sikuelewa kwa nini watu walinyamaza nilipolitaja. Baba alikuwa kazini Bendera, kwenye mitambo ya umeme, na alikuja nyumbani mwisho wa mwezi tu. Dada mkubwa wa mama aliishi Kigoma, akatuma neno kwamba huko kuna daktari wa kupasua. Mama akafunga nguo zake chache. Asubuhi ya kuondoka alinichukua hadi uwanjani, akanisimamisha kona ya chini.

"Riziki, unasikia? Mimi naenda kutunzwa tumbo. Weye kila siku utapita njia ingine. Usirudilie ya jana. Siku njia zitaisha, utaniona."

"Ziko ngapi, Mama?"

Alitazama uwanja, midomo ikisogea kidogo. "Vyumba ni makumi mbili. Njia nazo haziwezi kupita hapo."

Hakunidanganya. Alihesabu vyumba akadhani amehesabu njia, na nimewaona wanafunzi wa chuo wakifanya kosa hilo hilo mbele ya ubao. Aliniacha kwa Mama Faida, jirani wa chumba chake, akapanda boti.

Mama Faida ndiye aliyekuwa mkubwa wa uwanja. Mwanamke mrefu, mwenye mabega ya mwanaume, simu ndogo imening'inia shingoni kwa kamba ya nyavu. Binti yake Faida alikuwa ameshaolewa Moba, mume alikuwa amekufa, na nyumba yake ilikuwa na ukimya ambao sikuuzoea. Mama yangu alikuwa akicheka hata na mbuzi. Mama Faida ungeweza kukaa naye juma zima ukasikia "kula", "oga", na "kuya hapa". Bukari lake, ule ugali wetu, lilikuwa gumu na sombe lake la majani ya mihogo halikujua mafuta. Nilimwekea kinyongo tangu siku ya kwanza, kwa kosa la kutokuwa mama yangu.

Nilianza kutembea. Ili nisirudie njia, niliandika kila moja kwenye kaye yangu ya masomo, upande wa nyuma: J kwa juu, R kwa reli. JJRRJJRJR. Kesho yake JJRRJJRRJ. Kila njia ilikuwa herufi tisa, wala sikuona ajabu. Siku zilikwenda, kaye ikajaa, na siku ya ishirini nilioga bila kuambiwa.

Asubuhi ya ishirini na moja boti ya Kigoma ilifika bandarini, watu wakashuka, magunia yakashuka, mama hakushuka. Mama Faida alikuwa amenifuata. Alisimama nyuma yangu mpaka mtu wa mwisho alipopita.

"Alisema makumi mbili," nilimwambia.

"Alisema, ama alizania?"

Neno hilo lilinichoma, lakini jioni ile nilifungua kaye na kujaribu kuandika njia mpya, nikaipata. Nikajaribu nyingine, nikaipata. Furaha niliyokuwa nayo siwezi kuieleza vizuri. Njia zilikuwa hazijaisha! Kwa hiyo mama hakuvunja ahadi. Alikosea hesabu tu, na kosa la hesabu mtu anaweza kulirekebisha.

Kilichobaki kilikuwa kujua idadi yenyewe. Nilijaribu kuziandika zote na nikapotea. Nilipofika arobaini sikujua tena kama ile ya thelathini na saba si ile ya kumi na mbili. Mwalimu wetu alikuwa amezoea kutuambia kwamba hesabu ikikushinda uikate iwe ndogo. Basi nikachora chumba kimoja: njia mbili. Vyumba viwili: tatu. Vyumba vinne, viwili juu ya viwili: sita. Nilizitazama namba hizo siku mbili nzima zikakataa kuniambia kitu.

Siku ya tatu ilikuwa Jumapili, hakuna mitumbwi, hakuna ndakala. Nilikuwa nimekaa juu ya jiwe la kona moja ya ndani nikitazama kuku wakizurura vijiani. Nikajiuliza: mtu mwenye beseni akifika hapa nilipokaa, ametokea wapi? Hawezi kutoka juu, hawezi kutoka upande wa reli, sheria inamkataza. Ametoka kona iliyo chini yangu, au ametoka kona iliyo upande wa mto. Hakuna pengine. Kwa hiyo njia zote za kufika hapa ni zile za kufika pale, jumlisha zile za kufika pale pengine. Sikuhitaji kuzitembea. Sikuhitaji hata kuziandika.

Nilikimbia kuchukua makala jikoni. Kwenye mawe ya ukingo wa maji niliandika moja, moja, moja, kwa sababu kufika huko ni kunyooka tu. Kwenye mawe ya ukingo wa mto vilevile. Kisha nikaingia ndani: moja na moja, mbili. Mbili na moja, tatu. Tatu na tatu, sita. Jiwe kwa jiwe, kona thelathini, mikono myeusi, nikipanda na namba zikipanda nami. Katikati ya uwanja bado nilikuwa nafurahi. Thelathini na tano, sabini. Nilipofika jiwe la kibanda nilijumlisha sabini na hamsini na sita.

Mia moja ishirini na sita.

Nilirudi chini nikaanza upya, kwa sababu mimi ni mtu wa kichwa kigumu na sijaacha. Ikatoka ile ile. Nilikuwa nimetembea ishirini na tatu. Zilibaki mia moja na tatu. Nilikaa pale nikalia mpaka kamasi zikachanganyika na makala.

Mtoto mwingine angesubiri, au angekata tamaa. Mimi niliona tundu. Kama kona ikizibwa, hakuna anayeifikia, na jiwe lake linaandikwa ziro, na ziro hiyo inapunguza kila kona iliyo mbele yake. Nilifanya hesabu: nikiziba ile kona moja ya katikati, mia moja ishirini na sita zinabaki sitini na sita. Njia sitini zinakufa kwa rundo moja la mawe. Njia zikipungua, mama anarudi mapema. Kwa akili yangu ya wakati ule jambo hilo lilikuwa wazi kama bukari ndani ya sahani.

Kesho yake alfajiri, kabla ya mitumbwi, nilirundika mawe pale katikati. Sikufikiri kwamba kulikuwa bado giza giza, na kwamba watu wengine wanapita. Mama mmoja mwenye chumba cha juu alikuja na beseni zima kichwani, akajikwaa, na ndakala wake wote wakamwagika mchangani. Ndakala wenye mchanga hakuna anayewataka. Yule mama alikaa chini akaanza kuwaokota mmoja mmoja, na mimi nilitamani angenipiga.

Mama Faida alifika. "Ni weye umeweka majiwe hapa?"

"Njo mimi, Mama."

"Juu ya nini?"

Nikamweleza sababu. Ilikuwa mara ya kwanza kumwambia maneno zaidi ya matatu. Nilimweleza makumi mbili za mama, na mia moja ishirini na sita zangu, na ziro. Akina mama walikuwa wamekusanyika na baadhi yao walicheka. Yeye hakucheka. Alitazama jiwe la kona lenye namba sita ya makala, akatazama lile la juu yake, akatazama lile la pembeni. Kisha alichukua beseni la ndakala wake mwenyewe akammiminia yule mama, akaniambia niende masomo.

Jioni aliweka katoni ya sabuni iliyopasuliwa juu ya meza. "Unifundishe ile hesabu yako."

Nilidhani ni adhabu. Mama Faida alikuwa ameacha shule darasa la pili, na namba zilizopita mia alizijua kwa kusikia tu, si kwa kuandika. Alishika makala kama mtu anayeshika kisu cha kuparua samaki. Nilimfundisha kwa haraka na kwa dharau kidogo, nakiri, nikiguna kila alipokosea. Alikosea mara nyingi. Hakukasirika.

"Na kona ikifungwa, unaandika nini?"

"Ziro."

"Ziro inajumlishwa?"

"Inajumlishwa, lakini haiongezi kitu."

Aliitikia kwa kichwa, akaniambia nilale. Ile katoni sikuiona tena, nikadhani ameiwashia moto.

Siku mbili baadaye nilikuta uwanja umebadilika. Kona tatu zilikuwa zimezibwa kwa marundo ya mawe yaliyopakwa chokaa, ili kila mtu ayaone hata alfajiri. Akina mama walinung'unika, maana sasa walilazimika kuzunguka, lakini Mama Faida akisema hapapitwi, basi hapapitwi.

"Uwanja mupya, hesabu mupya," aliniambia. "Anza tena."

Nilihesabu nikiwa nimesimama, beseni kichwani. Kumi na sita. Kumi na sita tu! Nilitaka kumkumbatia, ila yeye hakuwa mtu wa kukumbatiwa, na tayari alikuwa amenipa mgongo.

Siku hizo zilikuwa nzuri. Nilitembea moja, nikatembea mbili. Nilianza hata kuzoea sombe. Nilitembea kumi na moja, zikabaki tano, na usiku nilihesabu tano hizo kwa vidole vya mkono mmoja nikalala nimezishika. Asubuhi ya kumi na mbili nilifika uwanjani nikakuta rundo moja la chokaa limeondolewa.

Nilipiga hesabu mara tatu. Thelathini na mbili. Nilikuwa nimetembea kumi na moja, kwa hiyo zilibaki ishirini na moja. Jana tano, leo ishirini na moja. Nilishusha beseni chini, nikaokota mawe, nikajenga rundo upya. Nilipotoka masomo lilikuwa limeondolewa tena.

Mama Faida alikuwa ameinama chumbani kwake akigeuza ndakala. Nilisimama kijiani nikamwambia, na sauti yangu ilisikika uwanja mzima: "Weye hautaki mama yangu arudi. Weye njo unamuzuia."

Akina mama wote waliacha kazi. Hapa kwetu mtoto hamwambii mtu mzima hivyo. Mama Faida aliinuka, simu ikabembea kifuani, akaishika isibembee. Nilingoja kofi, na nilikuwa tayari nalo.

"Makumi mbili na moja," alisema. "Utafika. Tembea."

Akainama tena. Mimi sikuwa nimemtajia mtu yeyote hiyo ishirini na moja. Alikuwa nayo mdomoni kabla yangu, na sikujiuliza ameipata wapi. Nilikuwa na hasira, na hasira yangu ilikuwa imeshajua kila kitu.

Nilitembea. Sikumsemesha siku zile zote. Nilikula alichopika, nikaosha sahani, nikalala nimeelekea ukutani. Siku ya thelathini ya hesabu ile mpya nilikuwa nimefika nusu ya uwanja, beseni kichwani, maji ya samaki yakinidondokea shingoni, nikasikia mtu ananiita kutoka chini, kule mitumbwi inakotua.

"Riziki."

Alikuwa amekonda, kanga imemzidi, mkono mmoja ameuweka tumboni kama anayezuia kitu kisianguke. Alikuwa amekuja moja kwa moja kutoka bandarini. Alitaka kuja kwangu akashindwa kupanda, akasimama pale. Na mimi sikuweza kugeuka. Mama yangu alikuwa nyuma yangu, upande wa maji, na mimi nilikuwa na samaki mbichi kichwani. Nilikaza shingo nikaanza kutetemeka, na ndakala wakaanza kuanguka mmoja mmoja.

Mama Faida alitoka chumbani kwake. Alikanyaga ndakala wake mwenyewe, jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya kabla wala baada. Akalitoa beseni kichwani mwangu, akaliweka kichwani mwake.

"Nenda."

Nilikimbia. Nililia juu ya kanga ile, polepole, maana niliambiwa nisimkumbatie kwa nguvu. Na maneno yangu ya kwanza kwa mama yangu, baada ya miezi miwili, yalikuwa haya: "Bado mbili."

"Mbili nini?" akauliza, akacheka, akaumia kwa kucheka. Njia ya siku ile, nusu niliitembea mimi, nusu akaimalizia Mama Faida. Zile mbili nilizitembea siku zilizofuata huku mama ameketi juu ya kiti cha kibandani akinitazama.

Hivyo ndivyo nilivyoikumbuka habari hiyo kwa zaidi ya miaka ishirini: mama aliyerudi mapema kwa siku mbili, na mwanamke mgumu aliyejaribu kumchelewesha. Nilimsalimia Mama Faida kwa heshima kila nilipomwona, basi. Nilipomaliza chuo alikuja na mfuko wa ndakala, akakaa pembeni ya wageni. Nilimshukuru, na kesho yake nikawagawia majirani mfuko mzima. Hilo linaniuma sasa kuliko mambo mengi makubwa niliyokosea.

Kwa sababu katoni haikuwashiwa moto. Niliilaza juu ya meza Faida alipoondoka, nikaisoma kama ninavyosoma kazi ya mwanafunzi. Mchoro wa kwanza ulikuwa wangu, ule wa kumfundishia. Uliofuata ulikuwa wake: kona ya katikati imefungwa, kibandani sitini na sita, wote umekatwa kwa mstari. Pembeni kwa herufi zake kubwa: "siku 15". Kisha kona nyingine imefungwa, hamsini na sita, mstari. Kona mbili, arobaini, mstari. Namba nyingi zilikuwa zimefutwa kwa kidole na kuandikwa tena. Kisha kona tatu, kumi na sita, na hiyo ameizungushia duara. Hakuweza kupata kumi na tano kamili, akachukua ya karibu. Alikuwa amekaa pale na makala yake, mtu wa darasa la pili, akifunga kona moja baada ya nyingine mpaka uwanja ukubaliane na daktari.

Chini yake: "kidonda kimefunguka. juma 2 tena". Na mchoro wenye kona mbili, thelathini na mbili.

Simu ya Kigoma ilitangulia, mawe yakafuata. Mimi nilikuwa nimeisoma habari yote kinyumenyume. Hakuna rundo lililomchelewesha mama. Mama Faida hakuwa na maneno ya kumwambia mtoto kwamba kidonda kimefunguka, basi aliniambia kwa lugha niliyomfundisha, na mimi nilimtukana mbele ya watu, na yeye akashika simu yake isibembee.

Palikuwa na mchoro mmoja zaidi, chini kabisa. Hauna kona iliyofungwa. Kwenye ukingo wa maji ameandika moja, moja, moja, na kwenye ukingo wa mto vilevile, kisha hakuna kitu. Kona zote za ndani tupu. Pembeni yake maneno mawili: "kama hapana".

Nilielewa, na nilitamani nisingeelewa. Kama mama asingerudi, Mama Faida angeondoa marundo yote. Angenipa asubuhi zote za uwanja ule, mia moja ishirini na sita, nizitembee nikiamini, na katikati yake labda angepata namna ya kuniambia, au ningekua kidogo. Idadi aliijua, nilimwambia mwenyewe huku nikilia. Hakuwa na sababu ya kuihesabu tena. Lakini alianza, akaandika zile moja za pembeni, akafika mahali pa kuanza kujumlisha, akaweka makala chini.

Jumapili nilimpelekea mama katoni. Alikuwa uani akichambua sombe, miwani puani. Nilimweleza yote, mchoro kwa mchoro, na alisikiliza akiwa ameshika tumbo pale pale kwenye kovu lake, bila kujua kwamba amelishika. Alipitisha kidole juu ya ile kumi na sita. Alipitisha juu ya thelathini na mbili. Akafika chini. Maneno ya pembeni nilikuwa nimeyafunika kwa kiganja changu.

"Na hii ya mwisho?"

"Hii hakuimaliza."

Mama alivua miwani, akanitazama. "Mama Faida hakukuwaka mutu wa kuachia kazi katikati."

"Hapana," nilisema. "Hii moja tu."

Alivaa miwani, akaitazama tena. Kisha akausogeza mkono wangu, polepole, akasoma.